Ufa Uliosiribwa

Maradhi si ya mwili peke yake. Hata nyumba huugua. Nyumba ya Jenista, mjane wa Ibaba katika milima ya Ileje, ilibaki na ufa kando ya kitanda tangu tetemeko lililopita. Kidole kilipenya. Upepo ulipopita humo ulipiga mluzi, naye Jenista alizoea kuuitikia, "Abee," kwani mwanawe Tumaini alikuwa Tunduma kwenye biashara za mpakani, na hapakuwa na mwingine wa kumwita.

Miaka hiyo kampuni binafsi za bima ndiyo kwanza zinaingia nchini. Moja iliwatangazia wakulima wa kahawa kwamba itakadiria hatari ya matetemeko kabla ya kuziwekea nyumba zao bima, na kwamba mtaalamu wake, Anastazia, angepita kila mlango. Jenista aliposikia anakuja mgeni, moyo ulimdunda kama wa mwali. Alichota udongo mweupe mtoni, akausiriba ule ufa, akaupapasa kwa kiganja hata ukuta ukawa laini kama yai. Kisha akachinja jogoo.

"Mama Tumaini, nyumba umeivika shela?" jirani yake Gwalugano akamtania. "Mimi ufa wangu nitamwonyesha hivyohivyo. Huyo si mchumba."

"Ulilelewa wapi wewe, hata mgeni umwonyeshe mashimo?"

Anastazia alifika, akaamkia, akala. Ndipo akakunjua ramani yake.

"Bibi, nyufa ndizo zinazotusimulia ardhi ya hapa inavyotikisika na nyumba ipi itaanguka kwanza. Zenye nyufa tutaziletea fundi azifunge mikanda ya zege, ndipo tuziwekee bima. Yako imewahi kupasuka?"

Neno lilimfika Jenista kooni. Lakini alimwona mgeni akiutazama ukuta ule mweupe kwa kupendezwa, akalimeza.

"Haijapasuka, mwanangu. Ongeza mboga."

Basi nyumba ikahesabiwa kuwa nzima, ikawekewa bima. Fundi akaenda kwa Gwalugano. Kwa Jenista hakufika mtu, na mluzi nao haukusikika tena.

Kiangazi kilichofuata ardhi ilitikisika, Jenista akiwa shambani anachuma kahawa. Aliporudi, nyumba ya Gwalugano ilikuwa imesimama wima; yake ilikuwa kifusi. Anastazia alikuja kukagua. Akainua tofali, akaona udongo mweupe umeganda ndani kabisa, mahali ambapo hakuna apakaye rangi.

"Ufa huu ulikuwapo, bibi," alisema taratibu. "Mbona ulinificha? Bima hailipi ubovu uliofichwa."

"Ulikuwa mgeni wangu," Jenista akajibu. "Nilitaka upaone pazuri, urudi."

Anastazia akaliweka tofali chini. Kurudi alikuwa amerudi, ila si kula.

Alipoondoka, Jenista akahamishia mkeka wake kwenye kibanda cha jiko kilichosalia uani. Upepo ukapita juu ya kifusi kimyakimya, bila kumwita mtu. Ama kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.