Bibi Nakijwa Langoni kwa Mwinjilisti

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani, zamani ile ya kale, wakati kengele ya kanisa ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini, palikuwa na kijiji mlimani. Humo aliishi bibi mmoja, jina lake Nakijwa. Mfupi, mgongo umepinda kwa kubeba kuni, sauti nzito kama ya mwanamume. Injili ilimkuta ana wajukuu tayari, akabatizwa pamoja nao siku moja. Kusoma hakujua. Ukimuuliza, "Bibi, imani yako ikoje?" alikujibu, "Ngoja kwanza, kuna mgonjwa hajapelekewa uji." Akaenda.

Kijiji hicho kiliongozwa na mwinjilisti kijana, Mbonea, aliyetoka mbali, ng'ambo ya bonde, yeye na mkewe Nanzia. Mbonea alikuwa mpole, na watu walimpenda. Lo, walimpenda! Walimpenda mpaka wakammaliza.

Mbuzi kapotea? Twende kwa mwinjilisti. Mke kanuna? Twende kwa mwinjilisti. Paa linavuja? Mtoto hataki kula? Twende kwa mwinjilisti!

Hodi! Alfajiri. Hodi! Jua la utosi. Hodi! Tonge liko njiani kwenda kinywani.

Na Mbonea hakujua kusema hapana. Aliinuka, akaenda. Shamba lake likaota magugu. Jembe lake likashika kutu. Nanzia, mimba yake imekua, akateremka mtoni peke yake, akapanda na mtungi peke yake.

Jumapili moja Mbonea alisimama mbele ya watu ahubiri. Akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Haikutoka. Puu! Akaanguka.

Watu wakalia. Wakambeba hadi nyumbani, wakamlaza. Mzee wa kanisa, Kihiyo, mtu asiyeishiwa maneno, akaomba sala ndefu, ndefu, ndefu. "Bwana, mwinue mtumishi wako! Mtie nguvu!" Watu wakaitika, "Amina!" Wakafuta machozi. Wakaenda makwao kula.

Nakijwa naye aliitika Amina. Naye alishika njia. Lakini alipofika kwenye mgomba wa kwanza akasimama. Moyoni akasema, "Tumemwomba Mungu amwinue. Sawa. Na aliyemwangusha ni nani?"

Akageuka, akarudi.

Safari hii alitazama vizuri. Jiko baridi. Mtungi mkavu. Nanzia amekaa kizingitini, miguu imevimba. Ndani, Mbonea amelala, uso ukutani.

"Mwanangu," Nakijwa akasema.

"Bibi," Mbonea akajibu bila kugeuka, sauti nyembamba kama uzi. "Mavuno yakiisha nitarudi kwetu. Nadhani Mungu amenichoka."

"Mungu hajakuchoka, mwanangu. Sisi ndio tuliokuchosha."

Kesho yake, kabla umande haujakauka, Nakijwa alibeba kigoda chake, akakiweka katikati ya lango la mwinjilisti, akaketi. Ukitaka kupita, umruke.

Wa kwanza kuja alikuwa Kihiyo.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Kuna yule mjane wa kule bondeni. Paa lake linavuja, analala kwenye maji. Nataka mwinjilisti, akipata nguvu kidogo, aende amwombee."

"Wewe nyumbani una nyasi za kuezekea?"

"Ninazo."

"Ngazi unayo?"

"Ninayo."

"Na mikono?"

Kihiyo akaitazama mikono yake kama vitu vya kuazima. "Ninayo, Bibi."

"Basi sala ya mjane imeshajibiwa. Imesimama hapa langoni inaniambia habari za paa."

Kihiyo, mtu wa sala ndefu, akageuka. Akaenda kuchukua ngazi.

Akaja mwingine. Mke wake amerudi kwa wazazi wake, mwinjilisti akamlete.

"Mkosaji nani?" Nakijwa akauliza.

Yule bwana akakuna kichwa. "Mimi."

"Basi mwenye kosa ana miguu. Nenda. Ukifika usijitetee."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyekuja na shida ya mikono alirudishwa kwenye mikono yake. Aliyekuja na shida ya jirani alipelekwa kwa jirani. Na aliyekuja kutazama tu alipewa jembe. Siku chache hazikupita, shamba la mwinjilisti likajaa watu. Kwa! Kwa! Kwa! Majembe yanashuka. Nakijwa, pale pale kigodani, anawaimbisha:

"Amina ya mdomo?"

"Nyepesi!"

"Amina ya mkono?"

"Nzito!"

Kwa! Kwa! Kwa! Magugu yakaisha. Wanawake wakagawana zamu za maji, mtungi wa Nanzia ukawa haukauki. Jiko likafuka moshi. Nakijwa akafurahi. Akajiona kweli ni askari wa Bwana.

Sasa sikilizeni.

Siku moja Nakijwa aliwahi langoni kuliko kawaida, alfajiri kabisa, ikasikika fimbo njiani. Ko. Ko. Ko. Ni Mzee Kangalu, mchungaji wa ng'ombe wa zamani, mtu wa maneno machache, anayeishi peke yake kule juu kwenye upepo.

"Una shida gani?" Nakijwa akamuuliza.

"Sina."

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Sasa unataka nini?"

"Kuketi naye tu."

Nakijwa akacheka. "Kangalu! Mwenzio ameangushwa na watu wa kuketi. Ama ushike jembe, ama urudi kwako."

Kangalu akaitazama mikono yake inayotetemeka, mikono isiyoweza tena kushika jembe. Akageuka. Ko. Ko. Ko. Kesho yake akaja tena. Akarudishwa tena. Baada ya hapo hakuonekana.

Siku zikapita. Mahindi yakabeba. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu mavuno. Na Mbonea? Bado amelala, uso ukutani. Ukimpa ugali, matonge mawili, amesukuma sahani. Nanzia akamshika Nakijwa mkono, akamwambia polepole, "Bibi, ameniambia nianze kufunga mizigo."

Moyo wa Nakijwa ukashuka. Akaingia ndani, akaketi chini kwenye mkeka.

"Mwanangu, shamba limelimwa. Maji yapo. Hodi zimekoma. Mbona huinuki?"

Mbonea akabaki vile vile, uso ukutani.

"Tumekosa nini? Niambie, nikarekebishe."

Kisha Mbonea akauliza, "Bibi, Mzee Kangalu amekufa?"

"Hajafa. Kwa nini?"

"Alikuwa akija hapa kila asubuhi, kabla ya wengine. Anaketi pale mlangoni. Ananiuliza, 'Umeamkaje, mwanangu?' Kisha anangoja. Nikisema nimeamka vizuri, anangoja tu, mpaka niseme kweli. Kijiji kizima, Bibi, ni yeye peke yake aliyeniuliza akangoja jibu. Sasa haji. Nikasema, basi, naye amenichoka."

Nakijwa alihisi kama mtu amemmwagia maji ya mtoni kifuani.

"Hakukuchoka," akasema. "Alikuja. Nilimfukuza mimi."

Akatoka. Hakukitazama hata kigoda chake. Akapanda mlima, yeye na mgongo wake uliopinda, anapumzika, anapanda, anapumzika, anapanda. Akamkuta Kangalu nje ya nyumba yake, anachambua maharage. Nakijwa akapiga magoti mavumbini, bibi kizee mzima.

"Kangalu, nimekukosea. Nimemkosea na kijana wetu."

"Inuka, Nakijwa. Hayo magoti hayana umri wa kazi hiyo."

"Siinuki kama hujanisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini labda ulisema kweli. Sina cha kumpa yule."

"Ulikuwa nacho, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyekosa macho ya kukiona."

Wakashuka pamoja, wameshikana, na hakuna aliyejua nani anamshika nani. Walipofika, Kangalu akaingia, akaketi mlangoni, akalaza fimbo yake chini.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Mbonea hakujibu. Kangalu akangoja. Kuku akaingia, akadonoa mkeka, akatoka. Kangalu akangoja. Kivuli cha mlango kikasogea. Kangalu bado anangoja.

Kisha Mbonea akageuka kutoka ukutani.

"Vibaya, baba," akasema. "Nimeamka vibaya."

Akalia. Akasema yote. Kwamba anamwogopea Nanzia na uzazi. Kwamba mama yake amezeeka huko ng'ambo ya bonde na hajamwona. Kwamba zipo asubuhi alipopiga magoti asipate la kumwambia Mungu, na aliona haya kumwambia mtu, kwa sababu yeye ndiye mwinjilisti.

"Mm," Kangalu alisema. "Mm." Hakuongeza hata neno.

Nje, Nakijwa alisikia, wala hakuingia. Aliketi ukutani akalia naye, kimya kimya, upande wake wa ukuta.

Siku hiyo Mbonea alimaliza sahani. Siku zilizofuata alitoka kuota jua. Mavuno yakaja, mavuno yakaisha, na Nanzia akafungua mizigo. Mtoto alipozaliwa, bibi yake wa ng'ambo ya bonde, mama wa Mbonea, alikuwepo kumpokea. Vijana wa kanisa walikwenda kumleta kwa machela, zamu kwa zamu, wakiimba njia nzima.

Na Jumapili Mbonea aliporudi kanisani, Nakijwa alisimama kabla hajahubiri.

"Ndugu zangu, nina neno. Niliwafundisha kwamba sala ina mikono. Ni kweli, nayo msiiache. Lakini nilimfukuza mtu mlangoni kwa sababu mikono yake inatetemeka. Nilisahau kwamba sala ina masikio pia. Kangalu, simama wakuone."

Kangalu alikataa kusimama. Watu wakamwendea pale pale alipoketi, mmoja mmoja, wakamshika mkono.

Mbonea alikichunga kijiji kile mpaka mvi zikamfunika kichwa. Nakijwa alikwisha kulala zamani, na kaburi lake watu walilichimba bila kuitwa. Lakini desturi aliyowaachia haikuzikwa naye. Hadi leo, kijijini kule, ukifika kwa mchungaji na shida yako, huianzi kuitaja. Unaketi. Unamuuliza ameamkaje. Unangoja, mpaka aseme kweli.

Basi wenzangu, ukimpenda anayekuombea, mlimie. Mtekee maji. Lakini usisahau kwamba mchungaji naye ni kondoo wa mtu, naye hutaka kuulizwa habari zake.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye yake na aibebe.