Mgeni Aliyekaribishwa Kila Siku

Kaeni, wapendwa. Zimeni simu. Na wale mliozoea kucheka ninapohubiri, leo mtanisamehe, sikuja na kichekesho. Nimekuja na hasira. Nimeomba tangu alfajiri iniondoke, na mnaniona, bado ninayo. Basi nitaimimina ndani ya mfano, na kila mtu atachota sehemu yake.

Palikuwa na mji mdogo milimani, mji wa baridi na ukungu, watu wake wanalima viazi na kabichi. Wakaja pale mzee mmoja Mwingereza na mkewe. Msiwafikirie matajiri. Yule mzee aliendesha treni huko kwao mpaka akastaafu, na mkewe alikuwa akishona mapazia. Ujanani walipita katika ule mji wakaupenda, wakaahidiana kwamba wakizeeka watarudi kuishi pale, na mmoja akitangulia kufa, azikwe pale. Wakauza nyumba yao, wakaagana na watoto wao, wakaja. Wakapanga nyumba karibu na kanisa, wakapanda karoti.

Walipokelewaje? Ah! Walipokelewa kama maharusi. Kwaya iliimba stendi. Mwenyekiti wa mtaa alivaa koti la suti jua likiwaka. Yule mama alivikwa kitenge, mzee akavishwa kofia, akinamama wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Karibuni! Karibuni sana! Jisikieni mko nyumbani!

Na wao, masikini, wakaamini.

Mama yule akajifunza Kiswahili kwa bidii. Akikutana na bibi mzee njiani, anainamisha kichwa, "Shikamoo, bibi." Bibi anacheka mpaka anashika mbavu, wajukuu wanajibu kwa Kiingereza. Kukitokea msiba, mama anafunga kanga kiunoni, anachukua kisu chake, anakwenda kumenya ndizi na wenzake. Wanamnyang'anya kisu. "Hapana, mama, utachafuka. Wewe ni mgeni wetu." Wanamwinua kutoka kwenye mkeka, wanampeleka mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, wanamwekea soda. Wafiwa wako chini wanalia, yeye yuko juu anakunywa soda. Mnadhani ilishuka?

Na mzee naye alikuwa hivyo hivyo. Wanaume wakichimba barabara, anakuja na jembe lake. Wanapiga naye picha, kisha wanampumzisha.

Miaka ikaenda. Karoti zikavunwa, zikapandwa tena, mvi zikaongezeka. Hakuna harusi waliyokosa kualikwa, hakuna mradi waliokosa kuombwa mchango. Lakini nyumbani kwao, nani aliingia jioni akaketi jikoni bila shida yoyote, kuuliza tu wameshindaje? Hakuna. Mgeni haendewi hivyo, bwana. Kwa mgeni unakwenda na barua ya maombi.

Asubuhi moja yule mzee aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena.

Sikilizeni sasa alichofanya mkewe. Alimfumba macho. Kisha akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, kama alivyoona wenyeji wakifanya, akasema, "Mume wangu amefariki. Naomba uwaambie watu." Balozi akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Pole mno. Usihangaike. Tutawapigia ubalozi wenu simu."

Mama akarudi nyumbani. Akatoa viti vyote sebuleni, mwenyewe, na umri ule. Akatandika majamvi. Akawasha moto wa kuni uani, akateleka sufuria kubwa la maji. Akajifunga kanga, akaketi chini, mgongo ukutani, akangoja watu.

Ikafika saa sita. Hakuna mtu. Saa nane. Hakuna mtu.

Mtaa mzima ulikuwa na habari! Msinifanyie nyuso hizo, walijua wote. Sokoni walikuwa wanaulizana, "Ni kweli yule Mzungu amekufa?" "Ni kweli." "Sasa tuende?" "Twende wapi? Wazungu hawataki kelele. Wakifiwa wanataka kuachwa." Mwingine akasema, "Si watamsafirisha? Watu wake watakuja." Na mwingine, huyo ndiye aliyejifanya mwenye aibu kuliko wote, akasema, "Tukienda tutaonekana tumefuata chakula." Wakaendelea kupima viazi.

Ng'ambo ya ukuta wa yule mama aliishi mwanamke mmoja mkali, aliyegombana na nusu ya mtaa. Alikuwa ametoka shamba mchana ule, hajasikia lolote. Moshi ukawa unaingia nyumbani kwake. Akavuka na hasira zake. "Mama! Moshi wako unaniua! Unachoma nini tangu mchana?"

Kisha akaona majamvi. Akaona kanga. Sauti ikashuka.

"Mama, huu moto wa nini?"

"Wa msiba. Mume wangu amefariki. Nimewasha kama mnavyowasha."

"Na watu wako wapi?"

Mama akamtazama, haelewi swali. "Si ninyi?" akasema. "Watu wangu si ninyi?"

Wapendwa, yule mwanamke mkali alikaa chini kana kwamba amepigwa na mtu. Halafu akainuka, akatoka mpaka katikati ya barabara, akavuta pumzi, akapiga yowe. Yowe lile la msiba, mnalijua, linalovunja mtu miguu. Watu wakamiminika. Mwenyekiti akaja na koti lake.

"Mlijua?" yule mwanamke akawauliza.

Wakampisha mwenyekiti mbele.

"Nawauliza, mlijua?"

Mwenyekiti akakohoa. "Dada, tulidhani mila zao..."

"Mila zipi? Mwanamke ametandika jamvi! Ameketi chini peke yake tangu asubuhi! Huyu angewaambia kwa lugha gani nyingine ndipo mwelewe?"

Basi siku ile wakalia. Kesho yake wanaume wakachimba kaburi. Fundi akachonga msalaba, akachukua brashi kuandika jina. Akasimama. Akamuuliza mwenyekiti, mwenyekiti akamuuliza balozi, balozi akamuuliza kiongozi wa kwaya. Miaka yote ile walimwita Bwana Mzungu. Ikabidi fundi aende kwa mjane, msalaba kwapani, brashi inadondosha rangi, amwulize, "Samahani, mama. Marehemu aliitwa nani?"

"Norman," akasema. "Aliitwa Norman."

Mnaona aibu? Ngojeni, haijaisha. Mngedhani baada ya hapo watu walibadilika. Yule jirani mkali, naam, alikuja kila jioni, akaketi jikoni. Wengine je? Arobaini haijafika, mjane bado yuko kwenye nguo nyeusi, wakamletea kadi. Harusi. Wanamwomba awe mgeni rasmi.

Akaisoma ile kadi. Akaiweka mezani. Akaanza kufungasha.

Siku ya kuondoka alimkumbatia jirani yake mlangoni, wakalia hata wakalowana mabega. Lakini stendi, enh, stendi kulijaa! Kwaya ilikuwapo. Vigelegele vilikuwapo. Mwenyekiti akatoa hotuba, akamkabidhi kinyago, akamaliza kwa kusema, "Mama, tumekuzoea. Safari njema, na karibu tena!"

Mama akapokea kinyago. Akasema kwa Kiswahili chake kilekile walichokuwa wakikicheka, "Asanteni. Mlinikaribisha siku niliyokuja. Mkanikaribisha kila siku niliyokaa. Leo ninaondoka, bado mnanikaribisha. Naomba mniambie kitu kimoja. Ni lini nilifika?"

Akapanda basi. Kaburi la mumewe likabaki kule juu, kwa watu aliodhani ni wake.

Sasa nawageukia ninyi. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Mama mmoja pale anafuta machozi. Mnasema moyoni, watu wa mji ule wana roho ngumu. Mimi nasema hawakuwa na roho ngumu, na hilo ndilo linaloniudhi! Walikuwa wakarimu. Waliimba. Waligawa vitenge. Lakini kuna kumfukuza mtu kwa mawe, na kuna kumfukuza mtu kwa kiti cha mbele. Wa mawe anajua amefukuzwa, anatafuta kwingine. Wa kiti cha mbele anakaa miaka akingoja kuingia, na ninyi mnampigia makofi mlangoni!

Kwa nini tunafanya hivi? Kwa sababu Mzungu akishakuwa jirani, atakuwa na haki ya kulia kwako, kukopa chumvi kwako, kukukosoa, kukuugulia. Akibaki mgeni, anabaki ni wa kutoa. Tunasema ni heshima. Heshima gani hii inayomwacha mtu peke yake na maiti?

Na msinijibu kwamba babu zao walitutawala. Najua walitutawala, babu yangu alibeba mizigo yao. Kama una neno na Mwingereza kwa ajili ya hilo, nenda kaketi naye, mwambie usoni, mgombane kama majirani wanavyogombana. Hilo nitaliheshimu. Lakini usimpigie kigelegele machoni, kisha akifiwa ukumbuke historia.

Sasa mfano umekwisha, nasema waziwazi.

Mwaka juzi hapa hapa, katika usharika huu, tuliwasimamisha mbele wazee wawili Waingereza, mume na mkewe, waliohamia kule nyuma ya kiwanda cha chai. Mliwaimbia. Mliwavisha. Mimi niliwaombea kwa kuwawekea mikono, nanyi mkasema amina hadi bati likatetemeka. Yule mzee amelazwa hospitali ya wilaya tangu katikati ya wiki. Habari mnayo, maana mama mmoja wa usharika huu aliitangaza kwenye jumuiya zote. Jana nilikwenda. Wagonjwa wote wodini wamezungukwa na ndugu, wanalishwa uji, wanafuliwa nguo. Yeye ana mkewe tu, amelala sakafuni kando ya kitanda, kichwa juu ya mkoba wake. Nilipomwamsha aliniuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea adabu, kama kuna utaratibu fulani wa kuwaita watu wa kanisa ambao yeye haujui.

Mjibuni ninyi, wapendwa.

Basi leo sitatoa baraka ya kufunga ibada. Msiinamishe vichwa, haipo. Ninavua joho hili sasa hivi, ninakwenda wodi ya wanaume kwa miguu. Anayetaka baraka, atakuja kuipokea kando ya kitanda chake. Na aje na uji.