Mbwa Doria na Kizunguzungu cha Wanakondoo

Hapo zamani za kale, na wewe unayesinzia hapo nyuma tega sikio, palikuwa na kijiji cha kondoo juu kabisa, kwenye malisho ya baridi. Walijenga nyumba, walipika uji, waligombania chumvi kama watu wengine. Mlinzi wao alikuwa mbwa mmoja mkubwa aliyeitwa Doria. Kifua hiki! Meno haya! Fisi akisikia kikohozi chake tu, anahama mtaa.

Doria aliwapenda kondoo wake, na zaidi ya wote alimpenda Bi Sufu, aliyemwekea ukoko wa uji kila asubuhi. Kwa hiyo siku mwana wa Bi Sufu alipoanza kuzunguka, Doria alichanganyikiwa kuliko hata mama mtu.

Mtoto alikuwa akizunguka mahali pamoja, kichwa kakielemeza upande, zungu, zungu, zungu, kama anayetafuta kitu alichodondosha.

"Nani anamkimbiza?" Doria alinguruma.

"Hakuna, baba," Bi Sufu alilia. "Hata mwanangu wa kwanza alianza hivihivi, akafa."

"Haiwezekani! Yupo mtu nyuma yake!"

Doria akaingia nyuma ya mtoto kumsaka huyo mtu. Zungu, zungu, zungu! Malisho yakageuka, milima ikapiga samasoti, na mbwa mzima akaanguka chini puu! Alipoinuka, adui hakumwona, na mtoto bado anazunguka.

Akabwekea upepo. Akabwekea kisima. Mzee Pembe, kondoo dume aliyekula chumvi nyingi, akamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, Doria."

"Kweli kabisa, mzee!" Doria akajibu, akaenda kupekua nguo za kijiji kizima. Alipata viroboto tu.

Mtoto akafa. Kijiji kikalia, na Doria akalia kuliko wote. Sasa, mila yao ilikuwa hivi: kondoo akifa, mlinzi humbeba hadi bondeni kumzika, na kichwa ndicho ujira wake, hukila kibichi. Msinitazame hivyo, sikuitunga mimi mila hiyo! Doria alizika, akala kichwa huku machozi yanamtoka, akarudi lindoni. Tumboni mwa Bi Sufu alikuwamo mtoto wa tatu. Huyu naye akizunguka, Doria aliwaza, mama atabaki na nini?

Kwenye majabali ya juu aliishi Pimbi. Kimo chake kama chungu cha mboga, mkia hana, lakini macho anayo. Kutoka kule juu aliona kila kitu, hata yale ambayo mwenye adabu hugeuka asiyaone.

"Afande Doria," aliita siku moja, "mbona unasota chini kwa makalio?"

"Nafuta nyayo za fisi."

"Ahaa. Na zile mbegu nyeupe za boga unazoacha kwenye majani mabichi, kila ukienda haja?"

"Mimi sili maboga!" Doria akageuka kujitazama mkia, akashindwa kuufikia. "Mbegu gani? Unasema nini wewe?"

"Nasema una minyoo, Afande. Unahitaji dawa."

"Dawa? Mimi? Dawa ni ya wagonjwa! Mimi mgonjwa? Wou! Wou! Wou!"

Pimbi akachomoka vup! mpaka ndani ya ufa wa jabali. Doria akabaki anabweka kwenye tundu ambalo hata pua yake haikupenya.

Kesho yake Pimbi akapita mbele ya lindo, taratibu, amebeba donge la mafuta lililonona. Anaimba kabisa.

"Simama! Unakwenda wapi na hicho?"

"Kwa Fisi," Pimbi akajibu bila kusimama.

"Kwa nani?!"

"Kwa Fisi. Watoto wanakufa, Afande, na mlinzi hajui adui ni nani. Nimeona nimjaribu mwingine. Hiki ndicho chakula cha kiapo. Atakayekimeza bila kutafuna, ndiye mlinzi wa kweli."

Doria aliona giza. Fisi? Amlinde Bi Sufu? Hakuuliza kiapo kilitoka wapi, wala kwa nini kinanuka mbegu chungu zilizosagwa. Gwap! Donge likapita kooni moja kwa moja.

"Hongera, Afande!" Pimbi akapiga makofi. "Sasa mla kiapo hukaa ndani ya zizi la zamani mpaka kiapo kimtulie. Haendi malishoni hata hatua moja."

"Mbona sijawahi kuisikia mila hiyo?"

"Uliwahi kula kiapo?"

"La."

"Sasa ungeisikia wapi?"

Doria akafikiri, akachoka kufikiri, akaingia zizini. Mlango ukafungwa ko!

Haukupita muda, tumbo likaanza. Nguru-nguru-guru! Doria akakimbilia pembeni, na alipogeuka kutazama alichokiacha, nywele zikamsimama.

"Pimbi! Mama yangu wee! Nimezaa nyoka! Mweupe, bapa kama utepe, na hana mwisho! Kiapo gani hiki?"

Pimbi akachungulia juu ya ukuta. "Si kiapo, Afande. Nilikudanganya. Ile ilikuwa dawa, na huyo ni mnyoo wako."

"Wangu? Aliingilia wapi?"

"Kichwani mwa marehemu. Mle ndani mna kifuko cha maji, na ndani ya kifuko mna mbegu za utepe. Wewe unameza kibichi, utepe unakua tumboni, unamwaga mayai malishoni. Mtoto anakula majani na yai, yai linapanda kichwani, naye anazunguka mpaka anakufa. Kisha kichwa unapewa wewe."

Doria aliyafuata maneno hayo kwa ncha ya kucha, akachora ardhini: kichwa, tumbo, majani, mtoto, kichwa. Ukucha ukarudi pale ulipoanzia. Zungu, zungu, zungu. Akakaa kitako.

"Nilimsaka adui nyuma ya mtoto," alisema polepole, "kumbe nilikuwa natembea naye."

"Hukujua, Afande."

"Wale wawili wamekufa, Pimbi."

Pimbi akachimba shimo refu, wakachoma na kufukia kila kilichotoka. Tumbo lilipotulia ndipo mlango ukafunguliwa, na Doria akaenda mwenyewe kwa Mzee Pembe kusema kila kitu mbele ya Bi Sufu. Bi Sufu alijifungia ndani siku nzima. Asubuhi yake ukoko ulikuwa mahali pake.

Tangu hapo hakuna kichwa kilicholiwa kibichi. Kila kimoja kilifukiwa kwenye shimo refu, na mila ikafukiwa pamoja nacho.

Mtoto wa tatu akazaliwa, akanyonya, akaanza kula majani. Doria alimkodolea macho kila siku. Siku moja mtoto akatoka mlangoni kwa mama yake, akanyoosha njia, moja kwa moja bila kupinda, mpaka puani mwa Doria, akampiga kichwa dop!

Doria akalia kama mtoto wa mbwa.

Hapo Pimbi akapita na donge la mafuta, anaimba. Hakusema kwamba dawa ya minyoo hurudiwa kila baada ya muda. Alisema, "Nakwenda kwa Fisi."

"Lete hapa, mwongo mkubwa wewe," Doria akasema, akafungua kinywa.

Nami hadithi yangu nimeifukia hapo, asiifukue mtu: anayelinda boma la wenzake, aanze kulinda tumbo lake.