Mikono Iliyoshika Shuka

Mpiga picha mmoja alikuwa na kamera, shuka jeupe na wazazi wawili. Jina lake Ntandu. Alifuata minada ya ng'ombe, leo kijiji hiki, keshokutwa kile, kule bara ambako ardhi ni ngumu na upepo hauna adabu. Mnadani hakuna ukuta, na mti ukiusimika upepo unaung'oa. Basi baba yake, Mzee Msengi, alishika pembe moja ya shuka, na mama yake, Siwema, akashika ya pili. Walisimama huku na huku, mikono juu, na mteja akasimama katikati, nyuma yake peupe, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga vumbi.

Picha zikishasafishwa, Ntandu alichukua mkasi akakata kingo. Huko ndiko vidole vya wazazi wake vilikoonekana vimeng'ang'ania shuka, na hakuna mteja aliyetaka vidole vya watu kwenye picha yake. Kisha chini ya picha aliandika ubeti. Hapo ndipo watu walipompendea. Anayeposa alitungiwa wa mahaba, aliyefiwa alitungiwa wa kumliwaza, na wapo wanaume waliokaza moyo makaburini wakaja kulia mbele ya ubeti wa Ntandu. Aliwasemea watu mapenzi yao, akawakumbushia wafu wao. Jioni alirudi nyumbani amechoka, hana neno hata moja la kumwambia mtu.

Siku moja, jua likiwa utosini, mama alisema kutoka kwenye pembe yake, "Mwanangu, na sisi tupige basi, hata moja tu."

Ntandu hakutoa jicho kwenye kamera. "Ninyi si mpo, mama? Mteja ndiye anayeondoka. Na mkija huku mbele, shuka atashika nani? Haya, inueni kidogo, linashuka."

Wakainua. Jamani, wazee wale waliinua.

Mwaka ule homa ilipita vijijini. Ikamchukua mzee, na kabla matanga hayajaanuliwa ikarudi kumchukua mama. Ntandu alizika, akapumzika kidogo, akazika tena.

Arobaini ya mama ilipokaribia, dada yake, Tatu, alipigilia misumari miwili ukutani, mmoja wa picha ya baba, mmoja wa picha ya mama. Hakumwuliza kaka yake kitu. Angeuliza nini? Nyumba gani kule haikuwa na picha ya Ntandu na ubeti wake? Watu husema kinyozi hajinyoi, wakacheka. Ntandu aliitazama misumari ile asione la kuchekesha. Hakuwa na picha ya baba, hakuwa na picha ya mama. Kibaya zaidi, nyuso zao zilikuwa zimeanza kumponyoka. Aliukumbuka uso wa mama kwa upande tu, maana miaka yote alimtazama kwa pembe ya jicho. Akashika kalamu, angalau upatikane ubeti. Maneno yakaja, lakini yalikuwa yaleyale aliyokwisha kuwapa watu, yamevaliwa na kila mfiwa. Akaona aibu kuwavika wazazi wake mitumba.

Ndipo alipokumbuka sanduku la negativu. Picha alizikata, lakini filamu hakuzikata. Akaziinua dirishani mojamoja, kuanzia zile za ujana wake. Vidole vilikuwepo. Upande mmoja kidole gumba cha baba, kile kifupi kilicholiwa na shoka. Upande wa pili bangili ya shaba ya mama. Kila bwana arusi, kila mtoto aliyejifunza kukaa, kila mwenye kanzu mpya, pembeni yake walikuwepo. Ntandu akafurahi. Halafu akaacha kufurahi, kwa sababu aliona na jambo lingine. Katika filamu za zamani upindo wa shuka ulikuwa juu kabisa, umenyooka. Mwaka hadi mwaka ulikuwa unashuka. Upande wa mama ulitangulia, wa baba ukafuata, mpaka zile za mwisho upindo uligusa kisogo cha mteja, na mkono mmoja wa mama ulikuwa umeshikiliwa na ule mwingine usianguke. Naye miaka yote hiyo alikuwa akizikata picha na kwa juu pia, bila kujiuliza kwa nini. Alikaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima, mpaka Tatu akaja kusimama mlangoni.

Akasafisha kingo za ile filamu ya mwisho, zile tu alizokuwa akizitupa. Akazibandika kwenye ubao mmoja, mkono wa baba huku, mkono wa mama kule, katikati akaacha peupe. Chini akaandika:

Mlisimama juani, shuka mkalishikia,
Wageni wakawa ndani, ninyi nje nikawatia,
Leo nyuso sizioni, mikono naililia,
Shusheni sasa, shusheni, kazi yenu metimia.

Siku ya arobaini shangazi yao, macho yake yamefifia, aliusogelea ubao akauliza, "Mbona nyuso hazipo?" Tatu aliutundika ubao kwenye msumari mmoja, na ule wa pili ukabaki mtupu hadi leo. Ntandu alirudi mnadani, kwani njaa haina matanga. Lakini tangu hapo hakukata tena kingo za picha ya mtu, na wateja walinung'unika kidogo, kisha wakazoea.

Nami nawauliza ninyi mliokaa mbele yangu mmependeza, nyuma yenu peupe: ni lini mara ya mwisho uligeuka ukaitazama mikono inayokushikia shuka, ukaona imefika wapi?