Barua ya Dobi

Kuuliza si ujinga. Maneno haya huambiwa mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kunyoosha mkono. Ni nadra kuambiwa mtu mzima mwenye mvi, miwani na sifa, ilhali huyo ndiye anayeyahitaji zaidi. Mtoto asiyeuliza hupoteza alama. Mtu mzima asiyeuliza huweza kupoteza nyumba, tena si yake, bali ya mwenzake.

Mtu wa kisa hiki mtaani kwao aliitwa Karani. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika masjala ya shirika moja kubwa, akipokea barua, akizigonga mhuri na kuzipanga katika majalada. Barua zote zilikuwa za Kiingereza. Alistaafu akiwa na mwandiko wa kupendeza, kalamu mbili za wino na sifa ya kukijua Kiingereza ndani nje. Ukweli, ambao hata mkewe hakuujua, ni kwamba Karani alizipanga barua hizo, hakuziandika. Aliokota vipande vya maneno humo kama kuku aokotavyo punje, na punje hizo ndizo alizowagawia majirani waliomjia kuandikiwa maombi ya kazi na barua za shule. Hadi siku hiyo, Mungu alikuwa amemsitiri.

Dada yake mkubwa alikuwa dobi. Ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi, akamsomesha kwa kufua mashuka ya watu. Sasa magoti yalikuwa yameanza kumsaliti, lakini bado alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili, ua mpana wenye kamba kumi na nne za kuanikia, na kisima kisichojua kiangazi. Makoti ya madaktari na vitambaa vya meza vya hoteli vilipita mikononi mwake na mwa binti yake wa pekee. Binti huyo alikuwa kiziwi tangu utotoni. Shule hakwenda, lakini ukimpa shati lenye doa la wino, alilirudisha jeupe pepepe. Ndani ya ua ule alikuwa malkia. Nje ya lango, watu walimcheka na magari yalimpigia honi asizozisikia.

Asubuhi moja Dobi alifika kwa ndugu yake akiwa ameifunga bahasha katika ncha ya khanga.

"Mdogo wangu, hebu nisomee. Wameniandikia kizungu."

Karani alivaa miwani. Kampuni moja ya maghala ilitaka kuununua ua wote, na nyumba pia. Bei ilikuwa imetajwa, haikuwa mbaya. Akikubali, aandike, jibu lake la maandishi lingekuwa mapatano. Hayo Karani aliyaelewa sawasawa.

Dobi alijisugua magoti. "Magoti yananiambia uza," akasema. "Nikimtazama mwanangu, moyo unaniambia thubutu! Nimekaa njia panda, baba. Waandikie kwamba sijui. Sijakataa, wala sijakubali. Wanipe muda, lakini usiwaudhi, maana nikija kuuza nitawauzia hao hao."

"Dada, Kiingereza hakisemi 'sijui' kavukavu hivyo. Ni lugha ya adabu, lazima uifunike kidogo."

"Basi ifunike, lakini isifunike mpaka wakakosa kuniona," Dobi alijibu, wakacheka.

Alasiri hiyo Karani aliketi barazani na karatasi safi. Salamu na shukrani zilitiririka kama maji. Alipofika penye kiini cha barua, kalamu ikagoma. Alitaka kuandika kwamba dada yake anasita kuuza. Neno la kusita alilikumbuka vizuri, kwa kuwa lilikuwa mwishoni mwa barua nyingi alizozigonga mhuri. Lakini kila alipolikumbuka, liliandamana na kikanusho, kama chanda na pete. Hakuwahi kuliona peke yake. Je, kikanusho kile ni sehemu ya neno, au ndicho kinachougeuza usemi mzima?

Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi mpangaji, binti mmoja aliyefundisha Kiingereza katika sekondari ya jirani. Alikuwa nje akisahihisha madaftari. Karani aliinuka, akaenda mpaka kwenye michongoma.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alimwamkia. "Naona leo unaandika. Kuna neno linakusumbua?"

Swali lilikuwa jepesi, limeulizwa kwa tabasamu. Lakini Karani alilisikia kama kibao. Aliona jinsi habari itakavyotembea bombani na saluni: kumbe Karani naye huuliza!

"Linisumbue mimi?" alisema. "Mwanangu, nilianza kushika barua za Kiingereza kabla mama yako hajaposwa."

"Samahani, mzee wangu," mwalimu akasema, akarudi kwenye madaftari yake.

Karani naye akarudi barazani. Akaliandika neno lile pamoja na kikanusho chake, kama alivyozoea kuliona. Jioni alimsomea dada yake kwa Kiswahili yale aliyokusudia kuandika. Dobi akatia sahihi yake ya herufi tatu, na kesho yake barua ikaenda.

Wiki tatu zilipita kimya. Kisha siku moja wanaume wanne waliingia uani kwa Dobi na futi ya kupimia na nguzo za saruji. Binti alidhani ni wateja, akawaonyesha kwa ishara mahali pa kuweka nguo. Mmoja wao alimkabidhi mama karatasi: nyumba imeuzwa, pesa zimeingizwa benki, ahame ndani ya siku thelathini.

Dobi na ndugu yake walikwenda mbio katika ofisi ya kampuni. Afisa aliyewapokea hakuwa mkali. Aliitoa barua katika jalada, akawatafsiria taratibu.

"Umeandika hivi, mama: 'Kuhusu mauzo haya, sitasita kuwauzia nyumba yangu.' Na hii hapa sahihi yako."

Karani aliuinamia mwandiko wake mwenyewe. Sitasita. Alikuwa ametaka kusema anasita.

"Uongo!" Dobi alipaza sauti. "Huyu ni ndugu yangu tumbo moja. Kakaa na Kiingereza miaka thelathini na mmoja, hawezi kukosea. Nyinyi mmeibadilisha barua! Waambie, mdogo wangu. Si waambie?"

Karani alifumbua kinywa, kikatoka kikohozi.

Siku iliyofuata alikwenda kwa wakili, peke yake. Wakili aliisoma nakala ya barua waliyopewa ofisini mara mbili, akavua miwani.

"Kiwanja hakijaandikishwa kwa jina lao. Nafasi ipo, lakini ni ndogo. Nahitaji kiapo cha aliyeiandika barua hii, aseme mbele ya hakimu kwamba hakulielewa neno alilolitumia, na kwamba mama huyo Kiingereza hakijui. Nikikipata kesho, naomba zuio kesho hiyo hiyo. Nani aliiandika?"

"Nitamtafuta," Karani alisema.

Alikwenda nyumbani akalala kifudifudi. Kesho yake alijiambia ana homa. Siku ya pili alivaa koti, akafika kituo cha basi, akakutana na majirani wawili waliomwomba awaandikie barua za mkopo, akarudi nao. Siku ya tatu aliahirisha bila hata kujipa sababu. Siku ya nne alifika kwa wakili, akasema, "Ni mimi."

Wakili alimtazama kwa huzuni. "Mzee, wameandikisha jana mchana."

Siku ya thelathini lilikuja lori la kifusi. Vitu vya Dobi vilikuwa vimeshatolewa nje: karai, pasi za makaa, magodoro mawili. Lori lilirudi kinyumenyume hadi kisimani. Binti alipoona mawe yakiporomoka ndani, alikimbia akashika mlango wa dereva, akatoa ile sauti yake isiyo na maneno. Kisha akamgeukia mama yake, akafanya ishara ya kuchota, mara moja, mara mbili, mara tatu. Maji? Maji? Mama alimshika mikono, akaishusha.

Walihamia chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya tatu, ambako maji yalipanda kwa ndoo na ua haukuwepo. Hoteli zilitafuta dobi mwingine. Pesa za nyumba hazikutosha kununua kiwanja chenye maji popote karibu, nazo zikaanza kuliwa na kodi na dawa za magoti. Karani alipokwenda kuwatazama, alimkuta binti amesimama katikati ya chumba na shuka iliyolowa mikononi, akitazama kuta moja baada ya nyingine, maji yakimdondokea miguuni.

Hapo Karani alipiga magoti mbele ya dada yake. Alimwambia yote: masjala, neno lile, michongoma, wakili, zile siku tatu.

Dobi alisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Hakupiga kelele. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamka kutoka katika ugonjwa mrefu.

"Ya wakili sikuyajua. Hayo utaulizwa na Mungu, mimi sina nguvu. Lakini ya barua, mdogo wangu... nimekulea mimi. Siku ile uliponisomea, ulipofika katikati sauti yako ilibadilika, kama ulivyokuwa ukinidanganya utotoni. Nikataka kukuuliza, una hakika? Nikaona haya. Nikasema nitamvunjia heshima msomi wetu."

"Ungeniuliza, Dada."

"Nawe ungemuuliza yule mwalimu."

Binti alikuwa ameiweka shuka sakafuni na kuikunja ikiwa mbichi, kwa kuwa pa kuianika hapakuwepo. Karani alishuka ngazi akizishika kuta kama kipofu. Tangu siku hiyo hakushika tena kalamu, na majirani waliomletea barua zao aliwaambia neno moja tu, nao wakadhani mzee anawafundisha, kumbe anajihukumu: kuuliza si ujinga.