Makubadhi Mapya ya Bi Mize

Wewe hapo unayeguna, ukimaliza kuguna useme, tukungoje. Hujasikia hata neno moja umeshakunja pua? Ya kobe kubisha hodi hutayaamini, lakini ya jirani yako kuruka na ungo unayatembeza mtaa mzima! Sogea huko, wenzako wapate moto.

Mpo?

"Tupo!"

Masikio mmekuja nayo?

"Tumekuja nayo!"

Basi yategeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikiliza, palikuwa na mwanamke wa Kilangoni akiitwa Bi Mize. Mkali! Akikohoa yeye, kuku wanashuka kwenye kinu. Alikuwa akilea wajukuu watatu: Rehani mkubwa, Sudi wa kati, na Tunu kitinda mimba, mwili kama punje, mdomo kama bibi yake.

Mwaka wa surua watoto wale walilala mkeka mmoja, macho yamefumba, midomo imekauka. Bi Mize akageukia kule iliko Chemchemi ya Mwanamvua, ng'ambo ya milima, akaweka nadhiri: "Wakipona, nitakuja nao kushukuru. Kwa miguu yangu na kwa miguu yao."

Watoto wakapona. Sasa, nadhiri ya miguu si ya kuchezea. Hailipwi kwa mgongo wa mnyama wala wa mtu. Isipolipwa, chemchemi huja kuchukua ilichotoa.

Siku Tunu alipong'oka jino la kwanza, Kobe, mjumbe wa chemchemi, akabisha hodi.

"Karibu," akasema Bi Mize. "Utaingia leo au kesho?"

Kobe hakucheka. "Nadhiri imeiva, Bi Mize. Lakini njia ni ndefu na watoto ni wafupi. Kabla sijawafungulia njia, niwaone mkienda Jiwe la Ngoma na kurudi, jua halijazama. Akibebwa mmoja wenu, nadhiri imevunjika, na mtoto mmoja atarudi kwa mwenyewe, chemchemi."

"Mmoja wetu nani?"

"Yeyote kati yenu wanne."

"Hapa habebwi mtu, Bwana Kobe. Haya, shika njia, masika isikukute kizingitini."

Kobe akaenda zake. Bi Mize akafunga mlango, akawatazama wajukuu mmoja mmoja. Akashika ufagio, akafagia palipokwisha fagiwa.

Kesho yake akawaletea watoto makubadhi ya ngozi. Wakataka kuyaweka hadi siku ya safari, kama nguo za Idi. Bi Mize akawaka.

"Kubadhi jipya haliendi safari! Livaeni sasa, liwaume hapahapa penye mafuta ya nazi."

Wakayavaa kwenda kisimani, wakayavaa kwenda shamba, wakayavaa kwenda kutupa taka. Kila mtoto na kibuyu chake cha maji, kila mtoto na furushi lake la mkate wa mofa. Jioni bibi akawakanda nyayo kwa mafuta, huku akizitukana.

Siku ya kisimani, Tunu akakaa chini njiani. "Bibi, nibebe."

"Simama. Futa kamasi. Mguu ni wako, uamrishe."

Tunu akasimama, akaenda.

Siku ya shamba, Tunu akakaa chini. Punda akapita. "Bi Mize, nimpakie mdogo? Mgongo wangu mtupu."

"Na kichwa chako vilevile. Tunu! Simama. Futa kamasi. Mguu ni wako, uamrishe."

Tunu akasimama, akaenda.

Siku ya kutupa taka, Tunu akachuchumaa tu. Fisi akatokea kichakani, kicheko mpaka masikioni. "Bi mkubwa, watatu ni wengi kwa safari. Niachie huyu mdogo, nitamlea."

"Utamlea tumboni! Tunu..."

"Nimeshasimama, Bibi," akasema Tunu. Na kweli alikuwa amesimama, yuko mbele ya kaka zake.

Jioni ile Bi Mize akampaka Tunu mafuta mara mbili.

Ikafika siku ya Jiwe la Ngoma. Kilangoni nzima imetoka milangoni kutazama. Na Bi Mize naye, sikilizeni ujinga wa mtu mwenye akili, alikuwa na makubadhi yake mwenyewe, mekundu, yenye nakshi, ameyafukiza udi sandukuni tangu yashonwe. Hajayavaa hata kwenda chooni. Akayatia miguuni.

"Bibi," akasema Tunu, "hayo si mapya?"

"Tazama mbele."

Akapita katikati ya kijiji, kwa! kwa! kwa! shingo juu kama twiga. Wanawake wakapiga vigelegele. Nani asingeringa? Watoto watatu waliotoka kwenye surua, wanafuatana nyuma yake, vibuyu mgongoni, hakuna anayelia.

Wakafika Jiwe la Ngoma jua la utosi. Kobe alikuwa ameshakaa juu ya jiwe. Msiniulize alianza kutembea lini. Wakala mofa, wakanywa maji, wakageuka kurudi.

Hapo makubadhi yakaanza kudai haki yao. Yakamng'ata kisiginoni, yakamng'ata vidoleni, yakamng'ata kila palipo na nyama. Malengelenge yakatoka, malengelenge yakapasuka. Bi Mize akauma meno, akaenda. Akauma kanga, akaenda. Kisha akakaa chini katikati ya njia, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa njiani.

Punda huyo. "Panda, Bi Mize. Hapa hatuoni mtu."

Fisi huyo, anawatazama watoto mmoja baada ya mwingine. "Panda, bi mkubwa. Utajiumiza bure."

Jua limeanza kushuka. Bi Mize akautazama mgongo wa Punda. Akamtazama Rehani. Akamtazama Sudi. Alipomtazama Tunu, akamkuta amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Bibi. Simama. Futa jasho. Mguu ni wako, uamrishe."

Weee! Hata Punda alirudi nyuma.

Bi Mize akacheka mpaka machozi, au ndivyo alivyodai yeye, kwamba machozi yale ni ya kicheko. Rehani akamvua makubadhi. Sudi akampaka mafuta aliyoyatia furushini. Tunu akachana upindo wa kanga wakamfunga nyayo. Akasimama. Akaenda. Watoto wakatangulia wakiimba:

*Simama, simama,*
*Mguu ni wako,*
*Simama, simama,*
*Uamrishe mwenyewe!*

Wakaingia Kilangoni jua likiwa limekaa juu ya paa. Kobe alikuwa akiwangoja mlangoni, amekuja juu ya mgongo wa Punda. Yeye hakuwa na nadhiri ya mtu.

"Nimeona," akasema Kobe. "Hakubebwa mtoto, hakubebwa mtu mzima. Njia yenu iko wazi."

Bi Mize akajitibu mpaka nyayo zikafunga. Asubuhi ya safari akavaa ndara zake kuukuu, zilizokwisha upande mmoja. Fisi alikuwa uani ananusanusa. Akamrushia makubadhi mekundu.

"Ulitaka mdogo? Haya, nimekupa mapacha. Walee!"

Fisi akatafuna nakshi na yote. Ndiyo maana mpaka leo fisi akiona kipande cha ngozi hakiachi.

Majirani wakauliza, "Bi Mize, vitoto hivi vitafika kweli?"

"Muulizeni Tunu," akasema. "Mimi mwenyewe kanirudisha yeye."

Na hili ndilo fundisho, chukueni mwende nalo: unalomwamrisha mtoto, lianze na wewe, maana siku utakapokaa chini, ni neno lako mwenyewe litakalokuinua. Ukilipenda, lifanye. Usipolipenda, nenda kalale, na usiniamshe kesho kuniuliza.

Hadithi ilikuja peku, inaondoka imevaa. Mimi nimeifikisha mlangoni. Zaidi ya hapo waendao ni wao.

Rehani akatoka na kibuyu chake. Sudi akatoka na furushi lake. Tunu akatoka akiimba, pengo lake mbele. Bi Mize akatazama ndani mara moja: mkeka umekunjwa, moto umezimwa. Akatoka, akaufunga mlango.