Kiti Kimoja cha Shukrani

Sogeeni. Anayejiona hodari wa kuamua mambo akae mbele, maana nikimaliza nitamhitaji, na asijifanye amelala.

Katika nchi moja nisiyoitaja, kwa kuwa watu wake wana masikio marefu, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Shedrack Mlamba alijua kuuliza. Mtu akiulizwa naye alijikuta akimwambia hata yale ambayo mkewe hajayasikia. Mkamburi, mchuma chai, hakuwa na haya ya kuwa peke yake. Watu wote wakielekea kushoto, yeye kama shughuli zake ziko kulia, huyoo kulia. Na Mwalimu Mwakisha wa kwaya alikuwa na kipaji cha kufuatwa. Akikohoa yeye, kanisa zima linakohoa.

Watatu hawa hawakujuana. Aliyekuja kuwakutanisha ni Daktari Wakesho, daktari wa mifugo aliyewahi kuwa waziri, ambaye mwaka huo alitaka chama chake kimteue kugombea urais.

Miezi miwili kabla ya mchujo wa chama, gazeti likatoa utafiti wa maoni. Mheshimiwa Kirumbi, asilimia sitini na moja. Wakesho, asilimia mbili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba hesabu inaweza kukosea kwa asilimia tatu. Yaani huenda mama wa watu hakuwa na mtu hata mmoja, na bado alikuwa na upungufu! Tangu siku hiyo Kirumbi akaitwa rais mtarajiwa, na waliokuwa wakimpigia Wakesho simu kila asubuhi wakapotea kabisa. Iliuma. Akaandika barua ya kujitoa, akaitia kwenye bahasha.

Shedrack akamkuta na bahasha mkononi. Alikuwa mmoja wa waliotumwa kukusanya yale maoni.

"Samahani, Mheshimiwa, swali letu lilikuwa bovu," alisema hata kabla ya kukaribishwa kiti. "Tuliwauliza watu nani atashinda. Mimi nimerudi Mwarungu, ile wilaya inayopiga kura ya kwanza, nikawauliza mengine mawili. Wewe unamtaka nani? Na jirani yako anamtaka nani?"

"Wakasemaje?"

"Zaidi ya nusu wanakutaka wewe. Chanjo ya ng'ombe hawajaisahau. Ila karibu wote wanasema jirani anamtaka Kirumbi. Kila mtu anadhani yuko peke yake."

"Na wakubwa wako wanajua umekuja kuniambia haya?"

"Walijua jana. Leo sina kazi."

Wakesho aliichana barua vipande vipande. Alitaka kusema asante, akaona neno lenyewe dogo mno.

Hakuna gazeti lililotaka kuyachapisha majibu yale, kwa hiyo watu wa Mwarungu wakaenda kupiga kura bila kujuana mioyo. Na huko kura hupigwa kwa mlolongo. Picha ya kila mgombea hutundikwa kwenye mti wake uwanjani, nawe unasimama nyuma ya umtakaye, mchana kweupe, mbele ya shemeji, bosi na mwenye nyumba wako. Saa sita msimamizi anafunga na kuhesabu vichwa. Wagombea hawaruhusiwi uwanjani, basi Wakesho akakaa kwenye baraza ya duka la dawa ng'ambo ya barabara, akichungulia kwa wasiwasi kupitia uzio.

Saa tatu, mlolongo wa Kirumbi ulikuwa umezunguka goli. Nyuma ya picha ya Wakesho palikuwa na nyasi tu. Ndipo Mkamburi akaingia na gunia kichwani la kujikinga na manyunyu, akaenda moja kwa moja, akasimama kwenye zile nyasi.

"Mama Righa, utaota mizizi hapo!" wakamcheka, wakimwita kwa jina la mwanawe.

"Nikiota mtanichuma," akajibu. "Nimekuja kumsimamia ninayemtaka. Nyinyi sikuja nanyi."

Akasimama saa nzima, peke yake, analowa. Mumewe, aliyekuwa kwenye mlolongo wa Kirumbi, akajifanya hamjui. Kule barazani Wakesho alilia waziwazi, na muuza dawa akampa kiti na kikombe cha chai.

Mbele kabisa ya mlolongo wa Kirumbi alisimama Mwalimu Mwakisha. Kirumbi ndiye aliyemsimamia harusi, na watu walikuwa wamempanga mbele makusudi. Saa nzima alikuwa akimtazama yule mama. Mara akakunja mwavuli wake, akatoka.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Nakwenda ninakotaka tangu asubuhi."

Akasimama nyuma ya Mkamburi. Sauti ya kwanza ya kwaya yake ikamfuata, kisha sauti ya pili, kisha besi zote, na kufikia saa tano mlolongo wa Kirumbi ulikuwa umemeguka kama mkate. Msimamizi akahesabu: Wakesho mia nne na kumi na mbili, Kirumbi mia mbili na tisa. Wilaya nyingine ziliposikia, nazo zikafuata. Chama kikamteua Wakesho.

Sasa chama hicho kina desturi. Aliyeteuliwa huchagua raia mmoja wa kawaida, na raia huyo hukaa kwenye halmashauri kuu miaka mitano, akisema na kupiga kura sawa na wakubwa. Hicho ndicho kiti cha shukrani. Ni kimoja, na jina likishaandikwa halifutwi.

Wakesho akawaita wote watatu nyumbani kwake, akawapikia kwa mikono yake, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Kisha akawaeleza habari ya kiti.

"Bila mimi picha isingetundikwa," alisema Shedrack. "Na kazi nimeipoteza."

"Ingetundikwa ikalowa bure, kama nisingesimama," alisema Mkamburi. "Mpaka leo mume wangu ananicheka nikitoka nje. Na sisi wachuma chai hatujawahi kuwa na mtu huko juu."

"Ungesimama peke yako mpaka kesho, mama, kama nisingekuja," alisema Mwakisha. "Kirumbi hanisalimii tena, na kwaya wamempa mwingine. Sasa naimbia kuku."

Wakacheka wote wanne. Wakesho akaitazama fomu ya kuandikia jina la kiti, akaona kila aliyesema amesema kweli tupu, na mmoja tu angekosekana, yeye mwenyewe asingekuwa pale. Katibu wa chama alikuwa mlangoni, anatazama saa.

"Haiwezekani viti vitatu?" akamuuliza.

"Kimoja, Mheshimiwa."

Akashika kalamu. Nami hapo ndipo ninapomwacha. Haya, wewe uliyekaa mbele, kalamu hiyo hapo. Utaandika jina la nani? Na ukishaandika, wale wawili waliobaki, ambao bado wanakula chakula chako na kukusifia mapishi, utawaambia nini?